Kocha Aliyeogopa Barabara ya Beni

Siku ya mechi Kocha hakuweka kitu mdomoni. Mkewe alikuwa amemzoea, hata moto hakumwashia. Sisi wachezaji tulipofika kiwanjani tulimkuta yuko tayari, amevaa koti la suti la rangi ya kahawa na tai shingoni, na miguuni mabuti ya mvua, maana matope ya Butembo, mji wetu huku mashariki ya Kongo, hayaheshimu kiatu cha mtu. Alikuwa akizunguka kiwanja peke yake, mikono nyuma, akitazama chini kama aliyeangusha ufunguo. Ukikaa karibu naye kwenye benchi ulisikia tumbo lake linanguruma.

"Kocha, simba yako iko nalia," Muhindo alizoea kumwambia. Muhindo alikuwa mshambuliaji wetu, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Iache ilie," Kocha alijibu bila kucheka. "Ikinyamaza, njo muogope." Hiyo "njo" ni "ndipo" au "ndio" ya kwetu.

Nilicheza chini yake misimu mingi, beki wa kati, na ile ya mwisho nikiwa kapiteni. Timu yetu ilikuwa ya kulipwa, kwa namna ya kwetu. Tulikuwa na mikataba yenye muhuri, jezi za kijani, na rais wa timu aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa mabati na sementi. Jioni baada ya mazoezi kila mmoja alirudi kwenye kibanda chake au kwenye shamba la baba yake. Mji mzima ulitujua. Mama wa sokoni angeweza kukukatalia nyanya kwa sababu ya goli uliloruhusu Jumapili.

Watu wakiniuliza leo Kocha alikuwa mtu wa namna gani, nawaambia alikuwa mwoga. Wanaudhika, wanadhani namtukana mzee. Simtukani. Nimeishi na mashujaa pia, na wengi wao sikuwafahamu muda mrefu.

Kitu alichokiogopa kilikuwa kimoja tu, barabara. Kila timu ya kwetu inaiogopa kidogo. Ukitoka Butembo kwenda Beni kuna mahali msitu unasogea, na kuna miezi ambayo watu wa porini wenye bunduki wanashuka, magari yanachomwa, halafu kunatulia, watu wanasahau, mabasi yanajaa tena. Sisi tulikuwa tunasahau haraka kama wengine. Kocha hakusahau. Wapenzi wa timu zingine walikuwa na hadithi zao juu yake. Walisema aliwahi kuwa na timu nyingine ikateketea njiani. Wengine walisema ni mdogo wake, wengine mtoto wake. Siku moja Muhindo alimwuliza mbele yetu sote.

"Kocha, ulipotezaka nani mu barabara?"

Kocha alikuwa amechuchumaa, anajaza mpira upepo kwa pampu ya baiskeli. Hakuacha kupampu.

"Hakuna mutu," alisema.

"Sasa unaogopa nini?"

"Kwani mupaka mutu akufe kwanza, njo niogope?"

Tulicheka. Yeye aliubonyeza mpira kwa kidole gumba, akaona umejaa, akautupa katikati ya kiwanja, na mazoezi yakaanza.

Ndani ya kiwanja lakini hakutaka kusikia habari ya woga. Hapo alikuwa mtu mwingine. Mara moja nilikwepa mpira wa juu uliokuwa umelowa mvua, mzito kama jiwe, na adui wakafunga. Alinisimamisha wakati wa mapumziko mbele ya wote.

"Kapiteni, hii kichwa ulipewa ya nini? Ya kuvalia kofia?"

Halafu wiki nzima alinirushia mipira ile ile, yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mpaka paji langu la uso likawa jekundu na nikaacha kufumba macho. Alipenda mabeki kuliko washambuliaji, jambo lililomkera Muhindo. "Goli hata mwizi anaweza kufunga," alisema. "Kurudi nyuma njo kazi." Lakini Muhindo alipofunga, Kocha ndiye alikuwa wa kwanza kugeuka na kupangusa macho kwa tai yake, akidai ni jasho.

Alikuwa shemasi wa kanisa la Kiprotestanti la mtaani kwao, na timu ilikuwa mchanganyiko, mimi mwenyewe Mkatoliki. Kabla ya mechi alituombea maneno machache, kama mtu anayebisha mlango wa jirani na kuomba chumvi. Baada ya mechi, tukishinda au tukishindwa, aliomba mpaka magoti yetu yakafa ganzi. Kipa wetu alimwuliza kwa nini asigeuze, aombe sana kabla, maana kabla ndipo tunapohitaji. "Mbele tunaomba kitu kidogo," alisema. "Nyuma tunashukuru kitu mingi."

Safari zake zilikuwa na utaratibu wake. Usiku wa kuamkia safari hakulala. Alfajiri alianza kupiga simu. Alikuwa na marafiki njia nzima. Pale Maboya alikuwa na mama mmoja muuza mikate, na Kalunguta motari mmoja aliyebeba abiria kwa pikipiki kwenda mashambani. Hakuwapata kwa bahati. Kila tulipopita alisimamisha basi, akanunua mkate, akauliza habari za watoto kwa majina yao, na mwishoni akauliza habari za njia. Mama wa mikate alikuwa akimwambia kila kitu: nani amehama, mbwa wa upande gani wamebweka, wanawake wameenda shamba au wamebaki nyumbani. "Bamama wakienda shamba, tunapita," Kocha alitufundisha. "Bamama wakibaki nyumbani, hata kama soldat wa jeshi anasema njia ni muzuri, sisi hapana pita." Ndani ya basi alikaa mbele, kando ya shofa aliyetuendesha, Mzee Kasereka, na hakuegemea kiti. Ukitazama kutoka nyuma uliona shingo imenyooka tangu Butembo hadi tunakokwenda, na ulimsikia akiimba wimbo wa kanisa kwa kupumua tu, bila sauti.

Upande wa kusini haukumtuliza zaidi. Tulicheza Alimbongo msimu mmoja, na Alimbongo kuna baridi ya kukata masikio, na kiwanja chenyewe kinateremka mpaka kwenye mashamba ya kabichi. Baada ya mapumziko ukungu ulishuka. Sikuona golikipa wangu, sikuona hata mstari. Mwamuzi, kijana wa pale pale, aliona ni jambo la kawaida, akaacha mchezo uendelee. Ndipo sauti ya Kocha ilipoanza kutoka kandoni. Hakuwa anasema pasi, wala rudi, wala panda. Alikuwa anaita majina.

"Kapiteni?"

"Niko."

"Muhindo?"

"Niko."

Alizunguka timu nzima, akimaliza anaanza tena. Watu wa Alimbongo walipoielewa, walianza kutujibia kutoka kwenye kabichi, "Niko, niko," wakicheka mpaka wakashikana mabega. Na wakati namjibu mimi, mdomo wazi, mshambuliaji wao alinipita na mpira, akafunga. Tulishindwa. Katika basi nilimwambia kwa hasira kwamba goli lile ni lake yeye.

"Goli moja," alisema, akiendelea kutazama mbele. "Na sauti zote zilijibu. Mimi nimeshinda."

Nikisema alikuwa mwoga, lazima niseme na jambo la Kalunguta, maana bila hilo hamtamjua. Tulialikwa kule mechi ya kirafiki na vijana wa kijiji, na baada ya mchezo mjane mmoja alitupikia. Bugali ulikuwa wa moto, sombe ya majani ya muhogo imepondwa vizuri, na kulikuwa na samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge, kila mtu kipande chake. Tulikuwa tumekwisha kunawa. Kocha alitoka nje, akatazama jua, akarudi.

"Simameni. Tunaenda."

"Kocha, hatujakula," nilisema.

"Beba mu mukono."

Yule mama alikuwa mlangoni ameshika bakuli la mchuzi. Alitutazama tukipita mmoja mmoja, na uso wake ukabadilika.

"Tata, chakula yangu iko na nini?"

"Chakula yako ni muzuri, mama," Kocha alisema, na alivua kofia kumwambia. "Jua njo mubaya."

Tulimeza bugali mkavu ndani ya basi, tumenuna wote. Tulifika Butembo jua likiwa bado linawaka kwenye mabati, na tulimtukana chini chini.

Wiki iliyofuata nilisikia habari kutoka kwa motari wake. Kocha alikuwa amepanda pikipiki peke yake, amerudi Kalunguta kwa yule mjane, amekaa mezani pake, amekula sahani nzima, ameomba samahani kwa Kinande, lugha yetu, na kwa Kiswahili, na alipoondoka ilikuwa magharibi, giza linaingia. Nilimfuata kiwanjani.

"Kocha, wewe njo umefanya hivyo? Peke yako, jioni?"

"Nilikuwa na deni ya sahani."

"Na barabara?"

Alinitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Mimi niko mutu mumoja," alisema. "Ninyi muko manyumba mingi."

Sasa msimu wenyewe. Ni ule ambao nusura tupande daraja. Tulianza vibaya, halafu baada ya mvua za kwanza kitu kikafunguka; Muhindo alikuwa akifunga kwa mguu wowote, kipa wetu alikuwa akidaka hata vivuli, na mji ulianza kufunga maduka mapema siku za mechi. Kila mtu alinenepa kwa furaha isipokuwa Kocha. Ushindi ulikuwa unamkondesha. Koti lilianza kumning'inia. Mkewe alimwuliza mke wangu kanisa gani tunaombea wagonjwa. Nilidhani ni mzigo wa ligi, mpaka siku moja baada ya kushinda nyumbani nilimkuta ameketi kwenye ngazi za tribuni wanapokaa watazamaji, peke yake, anatazama ukuta.

"Kocha, tumeshinda."

"Nimeona." Aliendelea kuutazama ukuta. "Tukipanda, tutacheza mbali zaidi."

Nilicheka, nikadhani anatania. Baadaye watu walisema hakutaka tupande kamwe, na mimi nilikumbuka ngazi zile. Lakini nilikumbuka pia jinsi alivyotunoa wiki nzima kabla ya mechi ya mwisho, mpaka sauti ikamkauka. Mtu asiyetaka hafanyi vile. Nadhani alitaka na aliogopa kwa nguvu ile ile, na hakuna upande uliokubali kuachia.

Mechi ya mwisho ilikuwa Beni, Jumapili, saa tisa mchana. Sare tu ingetupandisha. Na kwa Muhindo kulikuwa na jambo zaidi: mtu wa timu kubwa ya Kinshasa alikuwa ameahidi kuja kwa ndege kumtazama. Mama yake Muhindo, muuza makala, yaani mkaa, alimfulia soksi mara mbili wiki ile ingawa hazikuwa zimevaliwa.

Siku ya Ijumaa zikaanza sauti za kwenye simu. Mtu anamtumia mwenzake, mwenzake anamtumia mwingine: kumeonekana watu, kumeonekana moshi, wengine wanasema ni wachoma makala tu. Wakuu walisema barabara iko wazi. Ofisi ya ligi ilisema mechi haisogei, na timu isiyofika itahesabiwa imeshindwa.

Jumapili asubuhi tulikutana kwenye bohari ya rais wa timu. Basi lilikuwa limeoshwa, vitambaa vya kijani vimefungwa kwenye vioo. Kocha hakuwa amekwenda kanisani, na hilo peke yake lilitunyamazisha. Alikuwa anatembea kati ya marundo ya mabati, simu sikioni. Mama wa mikate hakupatikana. Simu yake ilikuwa imezimwa. Motari wa Kalunguta alijibu akasema ameona askari wengi kuliko kawaida, hajui ni kwa sababu gani, lakini watu wanapita.

Rais wa timu alifika akiwa amevaa jezi yetu juu ya shati.

"Kocha, twende. Kuchelewa ni aibu."

"Ule mama wa Maboya hapana jibu simu, Rais."

"Mama gani?"

"Wa mikate."

Rais alitutazama sisi, kisha akamtazama tena. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni.

"Kocha, mukuu wa jeshi ameniambia njia iko wazi. Batu wa Beni wametungojea. Na wewe uko naniambia mukate?"

"Hajazimaka simu hata siku moja," Kocha alisema.

Tulingoja. Jua lilipanda. Wachezaji wengine walitoka wakala ndizi, wakarudi. Kisha lori likaingia kutoka Beni, limejaa matoke, na juu ya matoke wamekaa wanawake wenye vitenge vya kanisa, wanaimba. Tulilikimbilia sote. Dereva alishusha kioo.

"Njia iko muzuri," alisema. "Tumepita bila neno. Kwani kuna nini?"

Muhindo alimgeukia Kocha. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Donc tunaenda."

"Kwenda tutafika," Kocha alisema. "Kurudi itakuwa jioni."

"Mutalala Beni," Rais alisema. "Nitawalipia hoteli nzuri wote, na wewe."

Kocha alitembea mpaka kwenye mlango wa basi. Akashika nguzo, akaweka mguu mmoja juu ya ngazi, na sisi tukaanza kusukumana kupanda. Nilikuwa nyuma yake kabisa. Niliona kiganja chake kimeibana ile nguzo. Kisha akateremsha mguu.

"Siwezi," alisema.

Hakusema hatuendi. Alisema hawezi, kwa sauti ndogo, karibu ajisemee mwenyewe. Rais alimwamuru shofa awashe gari. Mzee Kasereka alikuwa amekwisha kuwasha. Alizima, akashuka, akafunga mlango wake bila kuubamiza.

"Mimi nabebaka Kocha na batoto yake," alisema. "Kocha akishuka, gari imeshuka."

Makelele yakaanza hapo. Wengine walitaka tuchukue pikipiki, wengine walitaka tubaki, Rais alinishika mkono akaniambia wewe ni kapiteni, sema neno. Nilitazama wenzangu na niliona nusu yao macho yao yananiomba niseme ndiyo na nusu yananiomba niseme hapana. Nilisema tukienda tunaenda wote, tukibaki tunabaki wote. Nilikuwa bado nasema maneno yale Muhindo alipochukua mfuko wake wa viatu, akavuka barabara, akapanda nyuma ya motari wa kwanza aliyesimama.

Kocha alimkimbilia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Mabuti yale ya mvua yalimpiga miguu, tai imerukia begani.

"Muhindo. Mwanangu. Shuka."

Muhindo hakugeuka. Pikipiki iliondoka.

Kocha hakurudi bohari. Alikaa kwenye jiwe kando ya njia ya kwenda Beni na simu mkononi. Alimpigia Muhindo, Muhindo hakushika. Alimpigia tena. Nilikaa naye kwa sababu sikujua pengine pa kukaa, ingawa nilikuwa na hasira ambayo nikiikumbuka leo bado inanichoma kifuani. Mchana simu yake ililia. Alikuwa mama wa Maboya. Alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake tangu Jumamosi, simu iliishiwa chaji. Njia haina shida yoyote, alisema, na je, Kocha, mumekwisha kupita, mbona sikuwaona.

Kocha alimshukuru. Alimwuliza harusi ilikuwaje.

Barabara ilikuwa shwari siku ile. Ilikuwa shwari na siku iliyofuata, na wiki nzima. Mabasi yalikwenda na kurudi, hakuna aliyekwaruzwa. Muhindo alifika Beni salama, akavaa jezi ya kijani, akafunga viatu, akaingia kiwanjani peke yake. Timu ya Beni ilipanga mstari wake wote. Mwamuzi alitazama saa. Watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, kisha wengine wakampigia makofi, na Muhindo alituambia baadaye kwamba makofi yale ndiyo yalimwumiza kuliko kicheko. Mtu wa Kinshasa alikaa kidogo, akaondoka kuwahi ndege.

Redio ilitangaza forfe, yaani tumeshindwa kwa kutofika. Beni walipanda. Jioni ile vijana walichota matope na kuyatupa kwenye mlango wa Kocha, na kutoka siku hiyo alipata jina, Kocha Forfe, ambalo hata watoto wa shule waliliimba.

Jumatatu alikuja mazoezini kwa wakati wake. Tai, koti, mabuti. Tulikuwa tumekuja wachache. Alitupanga mbele yake.

"Barabara ilikuwa muzuri," alisema. "Nilikosea. Mumepoteza kitu kikubwa juu yangu, na hakuna kitu nitawapa mahali pake." Alitafuta maneno mengine, na tuliona anayatafuta kwa kweli. "Mais sitawadanganya. Ikirudi asubuhi kama ile, na mimi na wasiwasi kama ile, nitashuka tena. Donc mutafute kocha mwingine. Nimekwisha kumwambia Rais."

Muhindo alifika wakati huo, moja kwa moja kutoka kwenye lori, mfuko wa viatu begani. Kocha alimwendea. Alinyoosha mkono kumshika bega, Muhindo akarudi nyuma hatua.

"Njia ilikuwa muzuri, Kocha."

"Najua."

"Nilisimama mu kiwanja miye peke yangu. Batu walinicheka."

"Najua."

"Unajua nini?"

Kocha alikuwa anamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole, kama mama anavyomkagua mtoto aliyeanguka.

"Umerudi," alisema.

Muhindo alitema mate chini, si juu ya Kocha lakini karibu, akaenda zake. Hakucheza tena kwetu. Msimu uliofuata timu ilipata kocha kijana kutoka Goma, na tulimaliza katikati, na basi lilikwenda Beni na kurudi kila mara bila neno. Sikusikia mtu yeyote akisema mzee alikuwa na haki. Hakuwa nayo, kwa siku ile. Nimeizungusha mara nyingi kichwani mwangu nikitafuta upande ambao ningemtetea, na upande pekee ninaoupata ni kwamba sisi sote tulizeeka.

Mwaka huu ndio nilimwona tena. Siku hizi nauza vipuri vya pikipiki, na biashara hunipeleka Beni. Nilisikia amehamia huko kwa binti yake, upande wa mji unaoitwa Mulekera, tangu mkewe alipofariki. Watu wa Butembo walicheka sana: Kocha Forfe amekubali kupita. Motari alinifikisha mpaka mwisho wa njia ya magari, nikaenda kwa miguu kati ya nyumba na vishamba. Nilimkuta anapalilia maharage. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Hakunitambua kwa uso, alinitambua nilipomsalimu.

"Kapiteni," alisema, akanisalimu kwa Kinande. "Wavukire. Ulikuja na nani?"

"Peke yangu, Kocha."

Nilingoja aniulize saa ngapi nitarudi. Hakuuliza. Binti yake alituletea viti viwili chini ya ukingo wa nyumba, na tulizungumza habari za watu. Alijua wengi walipo. Mzee Kasereka alikuwa amekufa kitandani mwake, na Kocha alisema hilo kwa kuridhika kidogo. Kipa alikuwa Kampala. Halafu akawa anachambua udongo kwenye kucha.

"Na Muhindo?"

"Iko Kasindi, mupakani. Anavusha bintu za bafanyabiashara. Ameoaka bibi, iko na batoto."

"Anacheza?"

"Hapana. Goti."

Alitikisa kichwa. Kuku walipita kati yetu. Nilijua swali linakuja na nilitamani binti yake atokee na maji, na hakutokea.

"Ananilaumu bado?"

Ningeweza kumdanganya, alikuwa mzee na jua lilikuwa zuri. Lakini mtu huyu hakuwahi kutudanganya.

"Analaumu, Kocha. Hata jina yako hapana taka kusikia. Anasema ulimukatia maisha."

Jicho lile zima lilikuwa linatazama mistari ya maharage. Nilidhani nimemwumiza, nikaanza kutafuta neno la kufunika.

"Iko na haki," alisema. Na baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayetoa maagizo ya mazoezi: "Ukimuona, umwambie aendelee. Anilaumu mupaka azeeke. Batoto yake nao walaumu. Mutu mwenye kulaumu, iko, iko muzima."

Kisha aliinuka akachukua jembe, akarudi kwenye mstari wake.

Nilirudi Butembo siku iliyofuata. Nilikaa na maneno yale karibu wiki, maana Muhindo ana desturi ya kukata simu. Mwishoni nilimpigia, nikamwambia haraka kabla hajakata kwamba nimemwona Kocha Mulekera, kisha maneno yake, neno kwa neno kama nilivyopewa. Hakukata. Nilisikia malori ya Kasindi nyuma yake, na mtu anapigia kelele mizigo. Kimya kikawa kirefu, nikadhani mtandao umekatika, nikaondoa simu sikioni kutazama.

"Mulekera ni kubwa," Muhindo alisema. "Iko upande gani?"